Shanga Alizojinunulia Akai

Ejok, watu wangu! Ejok tena, nyinyi wa huko nyuma mnaojifanya hamsikii. Wamama wa rika langu, sogeeni karibu, nyinyi ambao siku hizi mkiinuka lazima mshike kiuno kwanza na mtaje jina la Mungu. Watoto wa simu kubwa wanaweza kukaa pia, sijafukuza mtu. Lakini hii maneno ni yetu, sisi tuliokua wakati redio ilikuwa na mkono wa kubebea na betri zilikuwa zinaanikwa juani kama samaki.

Mnajua nini imenirudisha huko? Uji. Juzi nimeweka uji wa ngano kwa sufuria, nikatoka kidogo kumsalimia jirani. Na mnamjua jirani yangu. Yule akianza salamu, mtoto anaweza kuzaliwa, aote meno, aanze kuchunga mbuzi, na bado hajafika kuuliza habari ya nyumbani. Kurudi, uji umechacha. Nikafunua kifuniko, harufu ikanipiga pua, na papo hapo nikamwona mwanamke. Mweusi, mrefu, shingo imejaa shanga mpaka kidevuni, mkono kwa kiuno, ananiangalia. Nikakaa chini hapo kwa jiko na nikacheka peke yangu. Binti yangu akasema, "Mama ameanza." Nikamwambia, "Sijaanza. Nimekumbuka."

Kwa sababu kwa kambi ya Kakuma wakati ule, gundi ilikuwa ni uji wa ngano. Unachukua unga wa mgao, unachemsha, unapaka nyuma ya karatasi, unabandika kwa ukuta wa matope, na nyumba yako inakuwa Nairobi. Shida ilikuwa mbuzi. Mbuzi wa kule akisikia harufu ya uji kwa ukuta, anakula ukuta. Nimeona na haya macho mbuzi mmoja amekula kalenda nzima, kuanzia Januari mpaka Krismasi, halafu akalala ameshiba mwaka mzima. Na huyo mwanamke ninayewaambia alikuwa amebandikwa kwa uji, na mbuzi alikuwa ameshamla kiwiko kimoja.

Wacha nianze vizuri msipotee.

Kwetu ilikuwa upande wa Lodwar. Mama alikufa mimi bado nabebwa mgongoni, kwa hivyo tulilelewa na mama yake Baba, ambaye tulikuwa tunamuita Ata, vile sisi Waturkana tunamuita bibi. Tulikuwa na mifugo. Halafu ukame ukaja, na si huu wa siku hizi wa watoto. Ule ulikuwa ukame mpaka kivuli cha mtu kilikuwa kinatafuta kivuli chake. Mbuzi wakaisha, ng'ombe wakaisha. Baba alikuwa na dume moja la uso mweupe ambalo alikuwa analiimbia kila jioni, vile wanaume wetu wanaimbia madume yao, mikono juu kama pembe. Hilo likalala chini asubuhi moja na halikuinuka. Tangu siku hiyo Baba hakuimba tena. Ukitaka kujua nyumba yetu ilikuwa namna gani, ilikuwa hivyo: mwanaume amekaa mlangoni, mikono yake iko chini.

Tukahama, tukajenga karibu na kambi ya wakimbizi. Wao walikuwa na unga na hawana kuni. Sisi kuni tulikuwa nazo, unga hatuna. Dada yangu Akai alikuwa anabeba kuni kwa kichwa, kuvuka laga, ule mto wetu wa mchanga mtupu, kuingia kambini kubadilisha na unga. Mimi nilikuwa nyuma yake na vijiti vichache na maneno mengi. Meno ya mbele yalikuwa yameng'oka, na hata hivyo sikunyamaza.

Huko ndiko Akai alipata rafiki, msichana Mdinka wa kutoka Sudan, jina lake Nyandeng. Nyandeng alikuwa mrefu mpaka akitaka kukusikia lazima ainame, na akiinama unaona jua limerudi. Alikuwa anasoma shule ya kambi. Kiswahili chake kilikuwa kimevunjika miguu yote miwili lakini kilikuwa kinatembea. Chetu pia hivyo hivyo. Wa kuvunjika walikutana, wakaelewana kuliko wazima.

Siku ya kwanza alituambia, "Ingia, ingia, jua baya." Tukaingia. Ndani kulikuwa na giza na moshi na ile harufu ya uji. Macho yakazoea kidogo kidogo, na huyo hapo, ananiangalia kutoka ukutani.

Sasa lazima niwaambie kitu nilichokuwa nacho kichwani. Mimi nilikuwa nimeona picha kwa maduka ya Lodwar. Mwanamke wa sabuni, mweupe. Mwanamke wa mkebe wa mafuta, mweupe. Yule wa pakiti ya majani chai alikuwa amejaribu, lakini yeye pia rangi yake ilikuwa ya mchanga. Kwa hivyo nilikuwa najua, kabisa kama ninavyojua jina langu, kwamba karatasi inakataa mtu mweusi. Kwamba ukisimama mbele ya mashine ya picha na rangi kama yangu, inatoka giza tupu na meno. Na mimi meno pia sikuwa nayo! Mimi ningetoka giza peke yake.

Na sasa huyu. Mweusi, ile nyeusi yetu inayong'aa. Pua yangu. Midomo yangu. Nywele pande mbili zimenyolewa, za katikati zimesukwa nyembamba zikalala nyuma, kichwa cha Akai kabisa! Shanga shingoni zimepanda mpaka kidevu hakina pa kwenda, kikainuka juu. Nikamuuliza Nyandeng, "Huyu alikunywa dawa gani ndio karatasi ikamkubali?"

Nyandeng akacheka mpaka akagonga kichwa kwa paa. "Hapana dawa. Huyu anaimba. Staa. Watu wanakuja kumwangalia wengi, kama mchanga ya laga."

Akaweka kaseti. Betri zilikuwa zinakufa, kwa hivyo yule staa alianza kuimba kama msichana na akamaliza kama mzee wa ukoo, lakini sisi tulikuwa tumeshakwisha. Akai alikuwa amesimama na kuni bado kichwani. Alisahau kuzitua.

Basi ugomvi ukaanza: huyu ni wa nani? Nyandeng alisema ni Mdinka, si mnaona urefu. Akai alisema ni Mturkana, si mnaona kichwa. Jirani Mkongo akaingiza shingo dirishani akasema tusipoteze wakati, mwanamke anayeshika kiuno namna hiyo anatoka Kongo tu. Msomali wa duka naye alipoulizwa alisema huyo hajajifunika, si wao, halafu akaangalia tena akasema, "Lakini pua, pua ni yetu." Kambi nzima ilikuwa inagombania mtu mmoja wa karatasi, na mimi nilikuwa nimesimama katikati na furaha, kwa sababu nilikuwa sijawahi kuona watu wanapigania mweusi.

Akai akasema atamleta mtu wa kukata hiyo kesi, na akamleta Ata.

Sasa nyinyi wa mbali sikieni. Kwetu shanga ni urembo, lakini ni habari pia. Kamba ya kwanza msichana anapewa na baba yake. Nyingine anapewa na mama, na shangazi, na kijana akimpenda anaweka yake. Akiolewa, anavalishwa pete ya chuma shingoni. Mtu anayejua akikuangalia shingo tu, amejua wewe ni wa nani, nani amekupenda, nani amekulipia, kabla hujafungua mdomo. Na Ata alikuwa anajua. Ata angeweza kusoma shingo ya mtu aliye ng'ambo ya ziwa.

Akasimama mbele ya picha, mikono nyuma, kama chifu anakagua polisi. "Baba yake ako na mali," akasema. "Hizi nyekundu ni za baba. Wapenzi nao ni wengi, hata hawana haya, wameweka hadi karibu na sikio. Pete ya chuma hakuna. Hajaolewa." Akasogea karibu. "Na umri huu! Ameshapita! Sasa anacheka nini?"

"Ni wa wapi, Ata?" Akai akauliza.

Ata akasugua shavu la karatasi na kidole. "Ngozi inang'aa hivi si mafuta ya duka. Hii ni samaki. Huyu ni mtoto wa Kalokol, kule ziwani."

Nyandeng akainama. Akasema, "Ata, samahani. Shanga hakuna mtu alimpa. Hapa chini wameandika. Anaimba, watu wanalipa, yeye ananunua. Nyumba, gari, nguo, hizo za shingo. Zote mwenyewe."

Ata akazihesabu zile shanga upya mpaka mbuzi akaingia, akatazama ukuta, akatoka.

"Amejinunulia?"

"Amejinunulia."

"Kwa mdomo?"

"Kwa mdomo, Ata."

Bibi yangu akasogea, akamtemea yule mwanamke mate kidogo usoni, pff! Nyandeng akaruka, "Ata! Unamtemea staa yangu?" Tulimshika mikono tukamweleza kwamba kwetu mzee akikutemea mate amekubariki. Nyandeng akafuta picha na nguo yake, amekunja uso, akasema basi baraka yenu iko na maji mengi.

Sasa Akai ndiye alibadilika. Hakubadilika mdomo. Alibadilika kidevu. Wasichana wetu walifundishwa kuangalia chini, na Akai alikuwa anaangalia chini vizuri, angeweza kukuhesabia mchwa. Baada ya ile picha kidevu kikaanza kupanda. Akibeba kuni, mkono mmoja kichwani, mwingine kiunoni, na kidevu juu. Kuni zilezile, njia ileile, jua lilelile la kukaanga mayai kwa kipara cha mtu, lakini watu walikuwa wanampisha njia. Mimi nyuma yake na vijiti vyangu, kidevu juu pia, najigonga kwa kila kichaka.

Nyandeng akampeleka kwa kwaya ya kanisa lao. Halafu Wakongo wakafanya harusi, wakamwita aimbe nyimbo zetu, aruke vile sisi tunaruka. Hawakuelewa neno hata moja na walilia machozi. Walimpa mafuta ya kupika na unga. Akapeleka mafuta kwa duka la yule Msomali, na akarudi na kamba moja ya shanga za bluu. Si bluu ya kawaida. Bluu ya ziwa ukiliona kutoka mbali na una kiu. Hakuna mtu upande wetu alikuwa nayo.

Mimi kwangu nilikuwa na kazi moja, kumtafuta yule mwanamke. Si Ata amesema ni wa Kalokol? Kulikuwa na lori la samaki wakavu linatoka Kalokol kupitia Lodwar mpaka Kakuma. Likisimama, mimi hapo. Nikamuuliza dereva, "Unamjua mwanamke mmoja wa kwenu, mrefu, anaimba, shanga mpaka hapa?"

Dereva akanitazama, akaona hii mdomo haina meno, akaona hakuna hatari. "Huyo? Si juzi nilimbeba! Alikaa hapo juu ya gunia, akashuka Lodwar. Alisema anaenda kuogelea Eliye, atarudi."

Nililala na hiyo habari kifuani kama mtoto wa mbuzi.

Na wakati sisi tunaimba, Baba alikuwa anaongea na Mzee Lokwawi. Msimchukie Lokwawi, alikuwa mtu wa furaha na mkono wake ulikuwa mwepesi kutoa. Lakini alikuwa mzee mpaka ukimsalimia asubuhi, jibu linafika saa nne. Na alikuwa na ngamia! Ngamia wake wakitembea kwa mstari, wa kwanza anakunywa maji Lodwar na wa mwisho bado anapiga miayo Kakuma. Alikuwa na wake, na alitaka mwingine, na alimtaka Akai. Baba naye hakuwa na hata mbuzi wa kuapia. Alikuwa anaona kwa hiyo ndoa mifugo inarudi, mikono yake inarudi juu. Akai naye alikuwa anaona milima kule nyuma ya Lokichoggio ambako ngamia wanachungwa, na yeye huko mpaka asahau sauti yake mwenyewe. Kwaya ilikuwa inajitayarisha kwenda Lodwar kuimba kwa sherehe kubwa ya kanisa, na wamesema Akai ndiye ataongoza. Alikuwa hajamwambia Baba. Angemwambia vipi?

Halafu Baba akaona ile bluu.

"Akai. Hiyo ni ya nani?"

"Ni yangu, Apa."

"Naona iko kwa shingo yako. Nauliza ni nani amekupa."

"Nimejinunulia."

Baba akacheka, kicheko cha mtu aliyekanyaga mwiba. "Shanga mtu hajinunulii. Ni kama kujizaa. Nitajie huyo kijana."

"Hakuna kijana, Apa. Niliimba."

Mnaelewa shida iko wapi? Kama kuna kijana ameweka kamba kwa shingo ya msichana ambaye Lokwawi anamngoja, basi Lokwawi ametukanwa, na Baba atalipa fidia ya mifugo ambayo hana. Kwa hivyo wazee wakaitwa, na neno likatoka hivi: Akai aonyeshe ile kamba ilitoka wapi. Akishindwa, anaondoka na Lokwawi siku hiyo hiyo, kabla hajaongeza nyingine.

"Muulizeni mwenye duka," Akai akasema.

"Mwenye duka ni mwanaume," mzee mmoja akajibu. "Pengine ndiye yeye!"

Hapo mimi nikakimbia. Nilivuka laga bila kukanyaga mchanga. Nikamwambia Nyandeng, "Mtoe ukutani, anaitwa kwa kikao!" Akamlowesha na maji, akambandua pole pole, tukarudi naye mbio, anapepea kama bendera na anatoa harufu ya uji.

Wazee walikuwa wamekaa ndani ya boma, kila mtu juu ya kistuli chake kile cha kulalia kichwa. Nikaingia katikati bila ruhusa. "Hata huyu alijinunulia! Hata dereva wa samaki anamjua! Ameenda kuogelea Eliye!"

Picha ikapita mkono kwa mkono. Wa kwanza aliishika juu chini, akauliza, "Mbona amesimama kwa kichwa?" Wakamgeuzia. Wa pili akauliza, "Na kiwiko?" Nikasema, "Mbuzi." Wote wakaitikia kwa kichwa. Hiyo waliielewa.

Ikafika kwa Lokwawi. Akaiangalia muda mrefu, unajua tena yeye kila kitu kinamchukua muda. Akasema, "Karatasi inaweza kudanganya. Mimi nataka kuuona huo mdomo unaolipwa. Aimbe."

Wakamsimamisha yule mwanamke chini, ameegemea kistuli, anaangalia. Akai akasimama mbele yao. Halafu akamtazama yule wa karatasi, akaweka mkono kiunoni, na kidevu kikapanda. Akawaangalia wazee wote machoni, kitu ambacho msichana hakufanya kwetu, hakufanya kabisa. Na akaimba.

Mimi nilidhani ataimba kile Kizungu cha kaseti, kile tulichokuwa tunaimba ambacho hata Wazungu wenyewe hawakijui. Hapana. Aliimba dume la Baba. Lile la uso mweupe. Aliliimba vile lilikuwa linatembea, vile lilikuwa linageuza kichwa likisikia sauti ya mwenyewe, vile lilikunywa maji kabla ukame haujaja. Sauti ilitoka chini kabisa ikapanda na kidevu. Watu wa kambi walisimama ng'ambo ya laga. Mbuzi waliacha kula. Nawaambia hata vumbi lilikaa chini kusikiliza.

Na nikamwona Baba. Kwanza vidole. Halafu mikono ikaanza kupanda, pole pole, kama mtu anayeinua kitu kizito kutoka kwa maji, mpaka ikakaa juu ya kichwa chake kama pembe. Alikuwa amefunga macho na alikuwa anaitikia. Tangu dume life sikuwa nimesikia hiyo sauti. Mzee wa pembeni naye akapandisha mikono. Boma lote likawa pembe tupu. Na Mzee Lokwawi, machozi yanashuka kwa mikunjo kama mvua imepata njia, akafungua kutoka mkononi kibuyu chake kidogo cha tumbako, kile ambacho wake zake hawakuruhusiwa hata kukiangalia, akamrushia Akai miguuni.

Wimbo ukaisha.

Nyandeng alikuwa hajui adabu ya vikao vyetu, Mungu ambariki. Akanyoosha kidole chake kirefu, kinaanza kwake kinaishia kwa kile kibuyu. "Ona! Mzee! Wewe umelipa!"

Lokwawi akaangalia mkono wake mtupu. Akaangalia kibuyu. Wazee wakaanza kucheka, mmoja akaanguka kutoka kwa kistuli. Baba akafungua macho, akatazama shingo ya binti yake kama ndio mara ya kwanza anaiona, akasema neno moja tu: "Kumbe."

Subirini, msicheke bado. Wacha nivute pumzi, kuna kitu nataka kusema.

Akai alienda Lodwar na ile kwaya, na aliongoza. Hakuwa staa wa karatasi, hapana, hakuna mtu alimbandika na uji. Lakini aliimba kwa sherehe za watu mpaka yeye mwenyewe akamnunulia Baba mbuzi wa kwanza tangu ule ukame, na siku hizi ako na kibanda chake cha shanga hapo sokoni Lodwar, nyinyi wote mmepita, na mkipunguziwa bei mnasema ni mkali. Nyandeng alipelekwa nchi ya baridi. Alituma salamu kwamba huko picha za watu weusi ziko kila mahali lakini hakuna mbuzi wa kuzila, na anakosa usingizi kwa hiyo upweke. Na mimi, ambaye shule niliiona kwa dirisha tu, nimeuza samaki Kalokol, nimezaa, nimezika, nimesimama mbele ya maofisa wanaoongea Kiingereza kupitia pua, na sijawahi kuangalia chini. Mtu akiniuliza hicho kidevu nilipata wapi, nasema nilipewa na mwanamke mmoja ambaye hakunijua. Jina lake halisi sikuwahi kulishika. Nyandeng alikuwa analitamka Kidinka, sisi tukalitamka Kiturkana, likapotea njiani. Kuna wale wanasema waimbaji wanaharibu wasichana. Labda wa siku hizi, sijui, muulizeni binti yangu. Wangu mimi alikuja mpaka Kakuma, amebandikwa na unga wa msaada, kiwiko kimeliwa, na akaniambia bila kufungua mdomo kwamba karatasi inanikubali. Kama ako hai popote alipo, Mungu amwekee ngamia. Mimi namtemea mate ya baraka kila nikimkumbuka, na juzi nimetema mpaka kwa ule uji.

Haya. Turudi kwa boma, sijawaambia mwisho wake.

Wazee bado wanacheka. Lokwawi akasimama. Hiyo nayo ilichukua muda, goti moja lilifika mapema likangoja lingine. Akachukua kistuli chake, akachukua fimbo, kibuyu hakukigusa, alijua kimeshaenda. Akamgeukia Baba akasema kwa sauti ya mtu aliyeponea chupuchupu:

"Rafiki yangu, huyu binti yako mimi namwogopa. Leo amenunua shanga. Kesho atanunua ngamia. Kesho kutwa si ataninunua mimi?"

Na Ata, ambaye siku nzima alikuwa amekaa pembeni anasuka kikapu chake, hakuitwa, hakuulizwa, akasema bila hata kuinua macho:

"Wewe usiogope, Lokwawi. Huyo mtoto akienda dukani, anachagua."